Kobe anabadilishwa difu ya nyuma: shajara ya kazi

Jumapili usiku, imekufa rasmi

Kwa asiyemjua Kobe, ni Hilux LN106, injini 3L dizeli 2.8, ekseli nzima mbele na nyuma, ya miaka ya 90. Kazi yake kushusha kabichi, karoti na hoho kutoka huku Mlola na Mtae mpaka Lushoto au Mombo, siku nyingine mbao, siku nyingine watu wa msiba, chochote kinacholipa mafuta. Kilichokufa ni difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi mbili.

Mlio ulianza kitambo. Ukivuta gari kimya, ukiachia mafuta tu pale mteremko wa Soni inaanza kuimba uuuuu kama nyuki kwenye debe. Kila mtu akawa fundi, mmoja kasema beringi ya tairi, mwingine kasema propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), shemeji yeye akashikilia ni kashata za tairi, vile vitofali vya mpira vinavyoshika barabara, na hakutaka kusikia kingine. Mimi nikaendelea kubeba mzigo, maana ikiimba inatembea.

Leo sasa, tope la mvua, kilima kabla ya kufika Mtae, gunia 20 za kabichi nyuma. Tairi ya kushoto ikawa inazunguka bure, ya kulia imelala, nikakanyaga mafuta kwa hasira (najua, najua), kushoto ikapata jiwe ikashika ghafla na chini nikasikia KAA! kama mtu kavunja mfupa. Kuanzia hapo kila ukibadili gia kuna kishindo. Tumeshusha mzigo, nimerudi nyumbani kwa kuvutwa na ekseli ya mbele peke yake, propela ya nyuma nimeifunga pembeni ya chesisi na mpira wa baiskeli. Ndo raha ya fo-wili ya zamani, ukifa nyuma unafufukia mbele.

Jumatatu, kufungua

Nimeanza kwa kumwaga oili. Difu hii inachukua lita 2.2 hivi. Iliyotoka haikufika lita moja, na rangi yake chai ya maziwa kabisa, yaani maji yameingia na yamekaa humo yakapigwa yakawa povu. Nilikuwa nimeweka sumaku ya spika mbovu kwenye beseni, ikatoka na manyoya ya chuma na kipande kimoja cha jino sawa na punje ya muhindi.

Kama ungekuwa na Canter ungefungua bolti za habu, ukachomoa shafti na tairi ziko palepale. Hilux haina huruma hiyo. Inabidi uvue tairi, uvue ngoma, ufungue bomba la breki na waya wa hendibreki, halafu nati nne nyuma ya sahani ya breki, ndo shafti inatoka na sahani yake yote na beringi yake. Upande wa kulia vyatu vya breki vilikuwa vimelowa oili vinang'aa kama vimepakwa mafuta ya nywele. Kumbe ndo maana hendibreki ilikuwa haishiki na mimi nikawa namtuma dogo aweke jiwe kila tukipaki.

Kisha nati kumi za kichwa cha difu, kile kipande kinachobeba gia zote. Kichwa kina zaidi ya kilo 30 na kiligandishwa na silikoni, ukikivuta kwa pupa kinakuangukia kifuani, hivo tumeweka jeki chini na tairi la spea pembeni, dogo anagonga kwa mti huku na huku mpaka kikaachia.

Ndani nimekuta hivi. Spaida gia, zile ndogo za katikati zinazoruhusu tairi mbili zizunguke tofauti, ziko mbili tu, moja imevunjika meno mawili. Pini inayobeba spaida imelika mpaka ukipitisha kucha inakwama. Pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, ukiishika kwa mkono inacheza juu chini, na hiyo ndo ilikuwa nyuki kwenye debe, maana beringi ya pinioni ikilegea inalia zaidi pale unapoachia mafuta kuliko unapovuta. Shemeji nimempigia, akasema basi na kashata pia zitakuwepo.

Jumatatu, baadae kidogo, nimekasirika

Nilikuwa nasugua hausingi, yaani ganda la ekseli, nitafute maji yaliingilia wapi. Juu ya ekseli kuna kipua cha kupumulia, kadude kadogo kana kofia kanayotakiwa kucheza ukikagusa. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, inatokea hapo. Mwaka juzi gari lilikuwa gereji moja mjini kwa kazi nyingine kabisa, wakanifanyia na ukarimu wa kupaka ekseli rangi nyeusi kwa brashi, ikapendeza kweli nikawashukuru. Wamepaka na kipua. Rangi imekauka imefunga kofia kama muhuri.

Hesabu ni rahisi ukishaona. Hewa haina pa kutokea, inasukuma oili ipite kwenye sili za shafti, oili inaenda kwenye breki. Halafu gari la moto linaingia kwenye maji ya mto, difu inapoa ghafla, hewa inajikunja na kuvuta, sasa inavuta maji kupitia sili zilezile. Mwaka mzima na zaidi. Beringi inakula maji, spaida zinafanya kazi kavu, siku ya tope mimi namalizia. Nimekichokonoa kile kipua kwa msumari kikatoa pumzi kidogo, fsss, nikakaa chini kwenye ndoo nisimtukane mtu.

Jumanne, nifanye nini sasa

Kwenye kibati cha injini Toyota wanaandika namba ya ekseli. Yangu G292. Herufi G ni krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ya inchi 8, 29 ni uwiano wa 4.556, yaani krauni meno 41 na pinioni meno 9 (nimehesabu kwa chaki kuhakikisha), na ile 2 ya mwisho ni spaida mbili. Ikiwa 4 ni spaida nne, ikiwa 3 ni elesidii, difu inayopunguza tairi moja kuzunguka bure. Uwiano lazima ufanane na wa mbele, ukiweka tofauti halafu ukafunga fo-wili gari linajivuta lenyewe mpaka kitu kivunjike.

Nimewaza njia zote:

Kuchomelea spaida, kuna jamaa wanafanya. Tairi zote mbili zinazunguka pamoja daima, kwenye tope ni simba. Ila mimi nashuka Soni kwenda Mombo kwenye lami na kona za kukunja shingo, tairi ya nje inahitaji kwenda mbali kuliko ya ndani, ukizifunga pamoja unakula tairi na siku moja unakata shafti ukiwa na mzigo mteremkoni. Hapana.

Loka ya hewa ya ARB, ile ya Australia. Nzuri sana, unabonyeza swichi inafunga, ukibonyeza tena inaachia. Bei yake nikiilinganisha na bei ya kabichi nikafunga simu.

Elesidii, G293. Nimeulizia Dar na Arusha, kila mtu anayo mpaka useme nitumie picha.

Nimeamua G294. Hiki ni kichwa cha spaida nne, walikuwa wanaweka kwenye magari ya V6, kina mbavu nene zaidi na beringi kubwa zaidi za pembeni, na kinaingia kwenye hausingi yangu bila kukata wala kuchomelea. Sijidanganyi, tope likinishika tairi moja bado itazunguka bure, hii sio loka. Ninachonunua ni nguvu, mzigo uliokuwa unabebwa na spaida mbili ubebwe na nne.

Ijumaa, parseli

Kichwa kimefika na basi kutoka Dar kikiwa kwenye gunia la mkaa, nimekipokea Mombo saa tisa usiku, konda ananiambia mzee umeagiza maiti? Kimetoka kwenye Toyota Surf iliyochinjwa. Jamaa wa mtaa wa Gerezani, Dar, alinitumia video akizungusha na kuhesabu meno, 41 kwa 9, safi.

Nyumbani nimekiosha kwa dizeli. Meno ya krauni hayana makovu, spaida nne zote nzima, pini haina mfereji. Nikajua Jumapili napiga kazi. Nikapeleka propela pale kwenye flenji, sahani ya mbele ya difu ambapo propela inafungwa, nijaribu matundu. Hayafanani. Matundu manne ya flenji yake yako mapana kuliko ya propela yangu.

Dawa ipo, flenji ya kichwa changu cha zamani inaingia kwenye pinioni hii, meno ya ndani ni yaleyale 27. Tatizo ni kwamba kutoa flenji lazima ufungue nati ya pinioni, na ukishafungua nati hiyo umeharibu mkazo wa beringi na kile kibushi cha ndani kinachobonyea, krashi slivu, hakitumiki mara mbili. Kwa hiyo kazi ya "kufunga tu" imegeuka kufungua difu nzima. Fundi mmoja hapa kijiweni kaniambia weka alama kwenye nati, fungua, badilisha, rudisha kwenye alama. Kwa flenji ileile ningemsikiliza kidogo. Kwa flenji nyingine hapana.

Jumamosi, kuvunja kichwa

Kabla ya kugusa kitu nimeazima dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) kwa jamaa wa mashine ya leithi, nikapima mchezo wa krauni na pinioni, 0.20 mm. Nimegonga alama za ponchi kwenye vifuniko viwili vya beringi, tundu moja kushoto matundu mawili kulia, maana vile vilichongwa pamoja na kichwa na ukibadilisha upande umeua. Krauni na pinioni nazo ni mke na mume, zilisagwa pamoja, usije ukachukua krauni ya huku na pinioni ya kule eti meno yanalingana.

Beringi ya nje ya pinioni ilikuwa na vidoa vya kutu kwenye njia yake, vidogo kama vya ndui. Ikizungushwa kwa mkono unahisi mchanga. Kwa hiyo nabadili zote nne, mbili za pinioni na mbili za pembeni, pamoja na sili zote. Shimu, kile kibati chembamba cha kujazia kilicho nyuma ya kichwa cha pinioni, nimeipima, nimeifunga kwenye karatasi na kuandika, inarudi ileile. Shimu hiyo ndo inaamua pinioni ikae ndani kiasi gani, na kwa kuwa gia na kichwa havijabadilika sina sababu ya kujifanya najua kuliko kiwanda.

Jumatano, beringi feki

Nimenunua beringi kwenye duka moja, boksi limeandikwa Koyo, nimefika nyumbani nikaweka ya zamani na mpya kwenye meza. Ya zamani, iliyotembea miaka yote hiyo, maandishi yake bado unayasoma, membamba yamenyooka. Mpya maandishi yametanuka kama yamepigwa kwa muhuri wa viazi, na ukiizungusha karibu na sikio inasema. Nimeirudisha. Muuzaji kanibishia kidogo halafu akatoa boksi jingine chini ya kaunta, ghali mara mbili, bila hata kuona haya. Hilo ndo lilikuwa beringi.

Kuiingiza kwenye pinioni sikutumia nyundo. Nimeifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni isiingie maji, nikaitia kwenye sufuria la maji yanayochemka dakika ishirini, pinioni yenyewe ilikuwa imelala nje usiku kucha na Lushoto ya mwezi huu unajua baridi yake. Ikashuka, ikakwama kidogo mwisho, nikaimalizia kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye ukingo wa ndani tu.

Jumamosi, nimeua slivu ya kwanza

Hapa ndo penyewe, wengi wanaharibu difu hapa na mimi nimeharibu hapa.

Pinioni inakaa kwenye beringi mbili zinazotazamana na katikati kuna ile slivu. Unakaza nati, slivu inabonyea, beringi zinabanwa, na unatakiwa usimame pale ambapo pinioni inazunguka kwa uzito fulani tu. Kwa beringi mpya ni 1.2 mpaka 1.9 Nm, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mafundi wengi wanapima kwa mkono, "ikiwa nzito kidogo inatosha", ndo maana difu nyingi zinarudi gereji baada ya miezi mitatu.

Sina kile kifaa cha kupimia. Nina mizani ya ndoano ya kupimia kuku. Nimezungusha uzi wa kushonea magunia kwenye flenji, flenji ina kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo mkono wa nguvu ni sentimita 5. Ukipiga hesabu, 1.2 mpaka 1.9 Nm ni kama kilo 2.4 mpaka 3.9 kwenye mizani, uzi ukivutwa polepole na pinioni ikizunguka (unasoma ikiwa inazunguka, sio ile ya kuanzia). Lengo langu kilo 3.

Kushika flenji nimetoboa chuma cha engo matundu mawili, nimekifunga kwa bolti na upande mwingine kimelala chini. Nati tunakaza kwa bomba la mita moja na nusu. Mwanzo hakuna kitu, unavuta bomba mpaka macho yanatoka, unapima, mizani inasema sifuri. Unavuta tena, sifuri. Mara ya sita bado pinioni ina mchezo. Mara ya saba dogo akasema kaka hebu niachie, akavuta kama anang'oa kisiki, nikapima: kilo 6 na nusu.

Yaani ilipita. Slivu ikianza kubonyea inabonyea kwa urahisi kuliko ulivyotegemea, robo ya robo ya mzunguko inakutoa kilo 1 mpaka 6. Na hapo ndo shetani anakuja, anakwambia legeza nati kidogo irudi kwenye 3. Ukilegeza mizani itakupa 3 kweli, ila slivu imeshakuwa fupi, haisukumi tena kitu, nati haina kinachoishika, utatembea wiki mbili italegea na nyuki watarudi kwenye debe. Nimetoa yote. Sili mpya nayo imeharibika wakati wa kutoa. Dogo kanyamaza siku nzima, nimemwambia ningevuta mimi ingekuwa vilevile.

Alhamisi, slivu ya pili

Slivu mbili zimekuja na basi (safari hii nimeagiza ya akiba). Flenji ya zamani ilikuwa na mfereji pale midomo ya sili ilipokuwa inasugua, nimeipitisha msasa laini na sili nimeiacha nje kidogo, milimita moja au mbili, mdomo ukae kwenye chuma kizima.

Tumevuta kidogo kidogo, mara ya kuvuta, mara ya kupima, na tulipoanza tu kuona nusu kilo tukawa tunasogeza nati upana wa mstari wa kalamu. Nusu, moja na robo, mbili, mbili na nusu, 2.9. Nikaweka bomba chini. Dogo akataka apime mwenyewe, akapima mara tatu, 2.9. Nikagonga ukingo wa nati uingie kwenye mfereji wa pinioni, basi.

Krauni ikaingia, pembeni kuna nati mbili kubwa za kurekebisha, ukilegeza ya kushoto meno mawili unakaza ya kulia meno mawili, krauni inahama bila kupoteza mkazo. Nimezunguka hapo karibu saa nzima. Kiwango ni 0.13 mpaka 0.18 mm, nimepima sehemu nne za krauni: 0.15, 0.16, 0.15, 0.17. Vifuniko 78 Nm, vibati vya kufunga nati za pembeni mahali pake.

Mwisho rangi. Nimechanganya rangi ya mafuta ya njano na grisi, nikapaka meno sita, nikazungusha pinioni huku dogo ameikaba krauni kwa kipande cha mti ili kuwe na uzito. Alama imekaa katikati ya jino, imeegemea ndani kidogo, umbo la yai. Ingekaa chini kwenye shina la jino maana yake pinioni imeingia sana, shimu ipungue. Ingekaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, shimu iongezwe. Nimepiga picha nyingi kuliko nilizompiga mwanangu alipozaliwa.

Jumamosi, kufunga

Hausingi nimeisafisha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo mpaka kikatoka cheupe, vipande vya meno vinapenda kujificha kule mwisho kwenye bomba la shafti. Sili za shafti mpya, vyatu vya breki vipya upande wa kulia (na kushoto pia, breki hazibadilishwi upande mmoja). Nati kumi, propela, breki kutoa hewa.

Kile kipua nimekitupa. Mahali pake nimeweka nipo (kichuma cha kuungia mpira) na mpira wa mafuta, unapanda kwenye chesisi mpaka nyuma ya taa, juu kuliko mto wowote ninaovuka, na mwisho wake nimechomeka filta ya petroli ya bodaboda isiingie vumbi wala nyigu. Katika kazi yote hii ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote, na kingekuwepo toka mwanzo ningekuwa nauza kabichi saa hizi.

Oili 80W-90, GL-5. Sio ile ya kupimwa kwenye ndoo. Pinioni hapa inakaa chini ya kitovu cha krauni, meno yanateleza huku yanasukumana, bila dawa ile ya GL-5 yanakwanguana. Utaijua kwa harufu, kama kiberiti kilichooza. Unajaza mpaka inaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, gari likiwa limesimama sawa.

Jumapili, mpaka Mombo na kurudi

Bila mzigo kwanza. Kishindo cha gia hakipo. Soni kushuka nimeachia mafuta pale pale penye nyuki, kimya. Mombo nimeshuka nikagusa kichwa cha difu kwa kiganja, vuguvugu, unaweza kukiacha mkono. Kupanda tena kimya. Hendibreki inashika, dogo kaliangalia lile jiwe akalitupa kwenye mtaro.

Ila kwenye lami, ukifika 60 hivi, kuna kimlio chembamba. Moyo ulilia. Nimeachia mafuta, kipo. Nimekanyaga, kipo. Nimeweka gia huru, kipo vilevile. Nikasimama nikahamisha tairi za nyuma zikaenda mbele, nikatembea tena, mlio ukawa unatokea miguuni kwangu.

Kashata. Shemeji sijampigia bado.